Mzigo Bila Mamlaka: Maisha ya James Forrestal

Kila taifa lililo na majeshi lina kiti kimoja ambacho raia wengi hawakifikirii mpaka siku ya hatari ifike. Ndicho kiti cha Waziri wa Ulinzi. Mwenye kukikalia, kwa desturi ya nchi nyingi, si jemadari. Haongozi mapigano wala havai sare. Kazi yake ni kusimama kati ya watu wenye bunduki na watu wasio na bunduki. Kwa upande mmoja huwapatia askari chakula, mishahara, silaha na maongozi yaliyo sawa. Kwa upande wa pili huwawekea mipaka, ili nguvu waliyokabidhiwa kwa ajili ya taifa isije ikageuka ikalitisha taifa lenyewe. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitendeki isipokuwa mwenye kiti amepewa mamlaka yanayolingana na mzigo wake. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelitambua jambo hilo kwa kuchelewa, na kwa uchungu mwingi. Jina lake ni James Vincent Forrestal, naye alikuwa Waziri wa Ulinzi wa kwanza wa Marekani.

Forrestal alizaliwa tarehe 15 Februari, 1892, katika mji mdogo wa Matteawan, kando ya mto Hudson, katika jimbo la New York. Siku hizi mji huo ni sehemu ya mji wa Beacon. Baba yake alitoka Ireland angali mtoto, akajitafutia riziki kwa kazi ya ujenzi mpaka akawa na kampuni yake mwenyewe. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule, mwanamke wa Kikatoliki mwenye imani imara na malezi makali. Walijaliwa watoto watatu wa kiume, na James alikuwa kitinda mimba. Tamaa ya mama ilikuwa kwamba mmoja wa wanawe awe padre. Lakini James alivutwa na mambo mengine. Alipomaliza shule, akiwa na umri wa miaka 16, alianza kuandika habari katika magazeti madogo ya upande ule. Mwaka 1911 akaenda chuo kikuu cha Dartmouth, na mwaka uliofuata akahamia Princeton, ambako alikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi. Mwaka 1915 aliondoka bila kupata digrii. Katika miaka hiyo ya ujana alilegea katika dini ya wazazi wake.

Mwaka 1916 aliingia katika nyumba moja ya fedha mjini New York, ambayo baadaye iliitwa Dillon, Read, akawa muuzaji wa hati za mikopo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia nchi yake alijiunga na Jeshi la Maji, akafundishwa urubani, lakini siku zake nyingi za vita alizipitisha ofisini Washington. Baada ya vita alirudi kwenye biashara, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, hata mwaka 1938 akawa mkuu wa nyumba ile. Mwaka 1926 alimwoa Josephine Ogden, wakapata watoto wawili wa kiume. Kwa macho ya ulimwengu, mtoto wa mjenzi kutoka Matteawan alikuwa amefika mbali. Watu waliomfahamu walimwona kuwa mtu wa maneno machache, mwenye mwili mkakamavu na uso mkali, na mwenye kufanya kazi bila kupumzika. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwinua, nayo baadaye ikashirikiana na mengine kumwangusha.

Mwezi Juni 1940, Ufaransa ilipokuwa ikianguka mbele ya majeshi ya Ujerumani, Rais Franklin Roosevelt alimwita Washington awe mmoja wa wasaidizi wake. Haikupita miezi mitatu akafanywa Naibu Waziri wa Jeshi la Maji, na yeye ndiye wa kwanza kushika cheo hicho. Kazi yake ilikuwa kununua na kujenga: manowari, ndege, mizinga, mafuta na nguo. Mwaka 1940 jeshi hilo lilikuwa na watu kiasi cha 160,000 tu. Mwaka 1945 lilikuwa na zaidi ya milioni 3. Waziri Frank Knox alipofariki mwezi Aprili 1944, Forrestal alipewa nafasi yake, akaapishwa mwezi Mei. Hakupenda kukaa ofisini tu. Tarehe 23 Februari, 1945, alishuka katika pwani ya kisiwa cha Iwo Jima, siku ile ile askari wa Marekani walipopandisha bendera juu ya mlima wa kisiwa hicho.

Kuna jambo jingine la miaka hiyo lisilofaa kusahauliwa. Baharia weusi wa Marekani walikuwa wakitengwa, na wengi wao waliachiwa kazi ya kupika na kuwaandalia maofisa meza. Forrestal aliona kwamba desturi hiyo si haki, na tena yalidhoofisha jeshi lenyewe. Mwaka 1944 aliruhusu baharia weusi na weupe wachanganywe katika meli kadhaa za kusaidia manowari. Mwaka 1945 alimwita Lester Granger, kiongozi wa chama kimoja cha watu weusi, awe mshauri wake. Mwezi Februari 1946 jeshi hilo likatoa amri ya kuondoa vizuizi vyote vya rangi katika kugawa kazi. Amri haikubadili mioyo ya watu kwa siku moja, lakini ilitangulia kwa zaidi ya miaka miwili amri ya Rais Harry Truman ya Julai 1948 iliyohusu majeshi yote.

Sasa yatupasa tueleze habari ya cheo chenyewe, maana bila kuijua hatutaelewa yaliyompata mtu huyu. Tangu mwaka 1789 Marekani ilikuwa na Wizara ya Vita, iliyosimamia jeshi la nchi kavu. Mwaka 1798 ikaanzishwa Wizara ya Jeshi la Maji, iliyojitegemea. Kwa muda wa karibu miaka 150 wizara hizo mbili zilikaa kama nyumba mbili za ukoo mmoja zisizopikiana chakula. Kila moja ilikuwa na waziri wake, fedha zake na desturi zake. Mtu pekee aliyekuwa juu ya zote mbili alikuwa Rais mwenyewe, ambaye kwa katiba ya nchi hiyo ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Tarehe 7 Desemba, 1941, Wajapani walipoishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii, jeshi la nchi kavu na Jeshi la Maji yalikuwa na makamanda wawili pale pale, wala hapakuwa na mkuu mmoja juu yao. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Vita ilipokwisha, watu wengi walisema kwamba jambo hilo lisirudiwe.

Mwezi Desemba 1945 Rais Truman aliliomba Bunge liunde wizara moja ya majeshi yote chini ya waziri mmoja. Wakuu wa jeshi la nchi kavu walikubali. Wakuu wa Jeshi la Maji walikataa, wakihofu kwamba katika nyumba moja wangenyang'anywa ndege zao na askari wao wa kushuka pwani. Forrestal alikuwa waziri wao, akasimama upande wao. Alimwomba rafiki yake Ferdinand Eberstadt achunguze jambo hilo na kuandika shauri jingine. Shauri lao lilikuwa kwamba wizara zibaki mbalimbali, zipatanishwe tu kwa mabaraza na kamati. Kwa muda wa karibu miaka miwili Forrestal alilitetea wazo hilo kwa akili na uvumilivu, na mwishowe alipata sehemu kubwa ya alichotaka.

Sheria ya Usalama wa Taifa ilitiwa sahihi tarehe 26 Julai, 1947. Iliunda cheo cha Waziri wa Ulinzi, ikaanzisha Jeshi la Anga kama jeshi la tatu, na pia Baraza la Usalama wa Taifa na idara kuu ya upelelezi. Iliamuru tena kwamba Waziri wa Ulinzi awe raia, asiwe ofisa aliyekuwa kazini jeshini katika miaka 10 iliyotangulia. Kwa maana Wamarekani hawakutaka jemadari avue sare leo na kesho awe bwana wa majeshi yote. Hayo yalikuwa mema. Lakini mamlaka ya waziri huyo yalikuwa kama kivuli. Alipewa maongozi ya jumla tu. Mawaziri watatu, wa nchi kavu, wa maji na wa anga, waliendelea kuwa na wizara zao, na kila mmoja aliweza kumruka akapeleka shauri lake kwa Rais. Waziri wa Ulinzi hakupewa naibu. Aliruhusiwa wasaidizi maalumu watatu, basi. Wakuu wa majeshi walikutana pamoja pasipo mwenyekiti wa kuwaamua.

Rais alimtaka kwanza Robert Patterson, aliyekuwa Waziri wa Vita, ashike cheo hicho kipya. Patterson alikataa. Ndipo Rais alipomgeukia Forrestal, na tarehe 17 Septemba, 1947, akaapishwa. Hivyo mtu aliyefanya bidii kuliko wote ili kiti kile kiwe dhaifu ndiye aliyetakiwa kukikalia. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alipokuwa mtetezi wa Jeshi la Maji, Forrestal aliuona mzigo wa waziri wa wote kuwa mwepesi, wa kubebwa kwa mapatano na maneno mazuri. Ulipowekwa juu ya kichwa chake mwenyewe, aliujua uzito wake.

Ugomvi ulianza mara. Jeshi la Anga lilidai kwamba vita za siku zijazo zitaamuliwa na ndege kubwa zenye kuchukua bomu la atomiki, kwa hiyo lipewe fedha zaidi. Jeshi la Maji lilitaka lipewe manowari kubwa za kuchukulia ndege. Jeshi la nchi kavu lililalamika kwamba linasahauliwa. Tarehe 11 hadi 14 Machi, 1948, Forrestal aliwakusanya wakuu hao huko Key West, katika jimbo la Florida, mbali na kelele za Washington, ili wagawane kazi. Walikubaliana, lakini walipokwisha kurudi, kila mmoja aliyafasiri mapatano kwa namna yake. Mwezi Agosti aliwakusanya tena huko Newport. Stuart Symington, Waziri wa Jeshi la Anga, alipinga hadharani mashauri ya mkubwa wake, na sheria haikumpa mkubwa huyo njia rahisi ya kumnyamazisha.

Penye fedha ndipo udhaifu wa cheo ulipoonekana wazi. Kwa mwaka wa fedha wa 1950 Rais aliweka kikomo cha dola milioni 14,400. Majeshi matatu yalipoleta maombi yao, jumla yake ilikuwa karibu dola milioni 30,000. Forrestal aliwasihi, wakapunguza mpaka milioni 23,600, nao hawakukubaliana zaidi. Kisha yeye mwenyewe akamwomba Rais akubali milioni 16,900, kwa kuwa wakati ule Warusi walikuwa wameufunga mji wa Berlin na hofu ya vita ilikuwa kubwa. Rais hakukubali; akabaki na kikomo chake. Basi majeshi yakamwona Forrestal kuwa amewasaliti, na Rais akamwona kuwa hana nguvu ya kuwatawala. Huo ndio msiba wa mtu aliyepewa jukumu bila mamlaka: walio juu humlaumu kwa lisilofanyika, na walio chini humlaumu kwa lililofanyika.

Pamoja na hayo, katika habari ya Palestina aliona kwamba kuigawa nchi ile kungeidhuru Marekani mbele ya Waarabu na kuhatarisha mafuta ya nchi zao. Rais alishika njia nyingine, akaitambua dola ya Israel siku ile ile ilipotangazwa, tarehe 14 Mei, 1948. Kwa ajili ya msimamo wake, na kwa mambo mengine ya siasa, Forrestal alishambuliwa vikali na waandishi wa magazeti na watangazaji wa redio, siku baada ya siku. Wengine walimpinga kwa hoja, kama ilivyo haki ya raia, wengine walimsingizia.

Mwishoni mwa mwaka 1948 Forrestal alitenda jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko manowari zote alizojenga. Katika taarifa yake ya kwanza ya mwaka alitangaza kwamba amebadili mawazo yake. Alishauri Bunge liipe ofisi ya Waziri wa Ulinzi mamlaka ya kweli juu ya wizara tatu, liipe naibu waziri, na liwape wakuu wa majeshi mwenyekiti. Ndiyo yale yale aliyoyapinga miaka miwili iliyotangulia. Mtu mwenye kiburi angalitafuta wa kumlaumu, au angalinyamaza ili asionekane amejipinga. Yeye alipima maneno yake ya zamani kwa mizani ya mambo aliyoyaona, akayakuta mapungufu, akasema hivyo mbele ya taifa zima.

Lakini nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Alikuwa hapati usingizi wala hamu ya chakula. Alisitasita katika maamuzi madogo. Alianza kuamini kwamba anafuatwa na maadui. Rais alimtaka ajiuzulu, na tarehe 28 Machi, 1949, Louis Johnson akaapishwa mahali pake. Siku chache baadaye, tarehe 2 Aprili, Forrestal alilazwa katika hospitali ya Jeshi la Maji huko Bethesda, karibu na Washington, kwa ugonjwa mzito wa huzuni na hofu. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Mei alianguka kutoka ghorofa ya juu ya hospitali ile, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 57. Wengi walioandika maisha yake huona kwamba alijitoa uhai katika ugonjwa wake. Alizikwa katika makaburi ya Arlington.

Wasomaji wetu wengi watashtuka kusoma hayo, na ni haki yao, maana uhai ni mali ya Mungu, wala si wetu kuutupa. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha kwamba machafuko makubwa ya akili, mahangaiko au hofu kuu huweza kupunguza lawama ya mtu wa namna hiyo, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, Kanisa humwombea. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, kama homa na kifua kikuu. Humshika mwenye cheo na asiye na cheo, hodari na mnyonge. Aliye nao asifichwe nyumbani kwa aibu, wala asiambiwe ajikaze tu. Apelekwe kwa mganga mapema, asiachwe peke yake, na padre wake ajulishwe.

Tarehe 10 Agosti, 1949, haijapita hata miezi mitatu tangu kifo chake, Rais Truman alitia sahihi sheria iliyotimiza sehemu kubwa ya mashauri ya Forrestal. Ikaundwa Wizara ya Ulinzi iliyo moja kweli. Wizara tatu za majeshi zikawekwa chini yake. Naibu alikuwa amekwisha kuruhusiwa mwezi Aprili, na Jemadari Omar Bradley akawa mwenyekiti wa kwanza wa Wakuu wa Majeshi. Mwaka 1958, wakati wa Rais Eisenhower, mamlaka ya waziri yaliongezwa tena, hata amri za vita zikawa zinapita kutoka kwa Rais kwa mkono wa Waziri wa Ulinzi mpaka kwa makamanda. Ile kanuni ya raia nayo ilidumu. Mwaka 1950 Jemadari George Marshall alipotakiwa awe waziri, Bunge lililazimika kutunga sheria ya pekee ya kumruhusu. Na ruhusa ya namna hiyo haikuombwa tena mpaka mwaka 2017, kisha mwaka 2021. Miaka 10 ya sheria ya kwanza ilipunguzwa kuwa 7 mwaka 2008. Jeshi la Maji nalo halikumsahau waziri wake: manowari kubwa ya kuchukulia ndege, iliyoanza kazi mwaka 1955, ilipewa jina la Forrestal.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba cheo cha Waziri wa Ulinzi hakihusu askari peke yao. Hicho ni kufuli ya mlango wa taifa. Kikiwa dhaifu mno, majeshi hugombana na fedha za wananchi hupotea. Kikiwa na nguvu isiyo na sheria, wananchi wenyewe hawana amani. Kwa hiyo yafaa mwenye kiti apewe mamlaka ya kutosha, na mamlaka hayo yawe na mipaka iliyoandikwa.

Pili, kanuni hiyo si ya mawaziri tu. Ni mara ngapi twamkabidhi mwalimu mkuu shule bila kumpa uwezo wa kuwaongoza walimu wake? Ni mara ngapi katibu wa chama cha ushirika hudaiwa hesabu za fedha ambazo wengine hutumia bila kumwuliza? Hata nyumbani, mtoto mkubwa huachiwa wadogo zake siku nzima, naye akiwaonya, mama akirudi humkaripia yeye. Anayempa mwenzake mzigo na ampe pia kamba ya kuufungia. Na anayepunguza mamlaka ya kiti leo, kwa kuwa amekalia kingine, akumbuke kwamba huenda kesho kiti hicho kikawa chake.

Tatu, na hili ndilo twapenda lidumu katika mioyo ya wasomaji wetu: si aibu kwa mkubwa kusema kwamba alifikiri vibaya. James Forrestal hakuishi kuona sheria aliyoiomba. Lakini wote waliokalia kiti kile baada yake walikikuta na nguvu zaidi kwa sababu yeye, alipotambua kwamba alikosea, hakunyamaza.